Nani Anamfulia Adui?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza. Mimi ni dobi, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa, na kila msimu wa mvua nafungua daftari jipya. Naandika jua limetoka saa ngapi na limekaa muda gani, ili mteja akija na pua yake kunusa shati na kudai limevunda, nimfungulie ukurasa: hii hapa, tarehe hii, jua dakika arobaini, ulitaka nilikaushe kwa kulipuliza? Hakuna dobi mwingine mtaa huu mwenye daftari la namna hii. Leo jua limetoka saa tatu, limeingia saa nne na robo.

Habari nyingine si ya hali ya hewa, lakini daftari ni langu. Binti yangu wa kwanza, mwenye akili kuliko ukoo mzima kwa pande zote mbili, anatengeneza gemu la kompyuta. Nimesema kutengeneza, si kucheza. Kazi ya ofisini aliiacha mwenyewe mwaka jana, wale watu hawakuwa wa kiwango chake. Sasa anafanya kazi na mwenzake tunayemwita Mchoraji, dada mrefu asiyesema, anayechora kila kitu, hata mkate huuchora kabla ya kuula. Wanakaa chumba cha nyuma, kile ninachoanikia mvua ikinyesha, kwa hiyo kompyuta yao iko katikati ya mashuka.

Tarehe 17 Mei kuna maonyesho. Magemu thelathini yatapelekwa, matatu yatachaguliwa, na waliochaguliwa watawezeshwa mwaka mzima wamalizie kazi yao. Asipochaguliwa, amemwahidi baba yake kwamba ataenda kufanya kazi kule bohari, anakofanya baba mtu, kuhesabu magunia. Mwanangu mimi, magunia!

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Jua hakuna. Mashuka ya zahanati yana siku ya pili kambani.

Jumamosi, 8 Machi

Jua dakika thelathini, la kuibia.

Leo wamejaribisha gemu kwa watu. Nilileta watu mwenyewe: nesi wa zahanati, fundi viatu wa jirani, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye sisi humwita Mkaguzi kwa sababu hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kupitisha kidole juu ya meza na kukitazama.

Gemu ni la nchi ya ajabu, milima inaelea, samaki wanaongea. Steringi, yaani mhusika mkuu, ni msichana. Adui anaitwa Bwana Giza: joho jeusi, macho mekundu, moshi unatoka puani. Kabla hujafanya lolote unasomeshwa maandishi ya miaka elfu iliyopita, nani alimpiga nani. Fundi viatu alibonyeza kitufe mpaka yakaisha yote, hakusoma hata neno. Nesi alipiga miayo mara tatu, nilihesabu. Bwana Giza alipotokea akasema, "Nitaiangamiza dunia!" wifi akauliza, "Halafu yeye atakaa wapi?"

Binti yangu uso ulimshuka. Mimi nikaingilia, maana mtoto ni wangu.

"Nina swali," nikasema. "Huyu bwana anakaa kwenye matope na moshi, joho lake limenyooka kama la bwana harusi. Nani anamfulia?"

"Mama, ni mchawi."

"Mchawi hatoki jasho? Joho jeusi likikosewa kidogo tu kwenye maji linapauka. Kuna mtu pale anafua, tena anajua kazi. Yuko wapi? Mbona hamkumwonyesha?"

Wakacheka wote. Lakini binti yangu hakucheka. Alichukua kalamu akaandika. Fundi viatu akasema, "Kweli bwana, mimi ningemtafuta huyo dobi kwanza, nimuulize bosi wake analala saa ngapi." Wifi akapitisha kidole juu ya kompyuta, akaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Jua dakika ishirini. Nimewaambia wateja wote kwamba gemu linabadilishwa kwa ushauri wangu.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu asubuhi. Binti yangu alikuja kunisaidia kukunja, jambo ambalo halifanyi bila sababu. Akaniuliza, "Mama, miaka yote hii unafua nguo za watu. Watu wabaya wakoje?"

Nikamwambia sijawahi kumfulia mtu aliyejiona mbaya. Kulikuwa na bwana mmoja, mke na watoto walikuwa wakisikia mlango tu wananyamaza. Nguo zake nazijua: alitaka vitambaa vya meza viwe vyeupe kuliko vya mtu yeyote, na alikuwa akisema, "Nyumba yangu ni safi, watoto wangu hawakosi kitu." Alikuwa hadanganyi, aliamini hivyo. Mtu mbaya hasemi nitawaangamiza. Anasema, haya yote nafanya kwa ajili yenu.

"Na anayetisha zaidi?"

"Anayekupenda," nikasema. "Ukimkimbia, unakimbia ukiangalia nyuma."

Aliacha kukunja. Foronya ikabaki mkononi mwake. Mimi nikaona nimsaidie zaidi, nikamsimulia habari za shangazi yake Mkaguzi, moja baada ya nyingine, siku alivyonikagua harusini kwangu mwenyewe, siku alivyonusa kabati. "Mchukue huyo," nikamwambia, "adui ameshaiva, kazi yako ni kupakua tu."

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Wifi amepita. Kidole juu ya meza ya pasi.

Jumamosi, 29 Machi

Jua la saa nzima, na hata lisingetoka nisingelijali.

Bwana Giza amefutwa! Adui mpya ni mwanamke. Anaitwa Mama Mto, anakaa ukingoni na beseni lake, mikono mikubwa, sauti nzuri. Anafua huzuni za watu. Ukimpelekea majonzi yako anasema, "Lete hapa," anayatia kwenye povu, anasugua, anakamua, unaondoka mwepesi. Nchi nzima ikampenda. Akaanza na huzuni, akaja hofu, akaja aibu, na kila alichokitoa kiliondoka na kipande cha mtu, mpaka sasa watu wanatembea wakitabasamu na hawajui wanamtabasamia nani. Steringi ni binti yake mwenyewe. Alikuwa na kaka, kaka akafa, mama akamfua huzuni ile yote na kaka akatoka nayo. Msichana amebakiwa na kiatu kimoja kidogo, hajui ni cha nani. Anataka kilio chake kirudi.

Maandishi ya miaka elfu hayapo tena. Gemu linaanza na kiatu hicho tu, na wewe unatembea nacho.

Halafu Mchoraji ametengeneza mahali ambapo mashuka yameanikwa kama ukuta, unapotea humo, na kila shuka ukilifunua lina kumbukumbu ya mtu. Silaha ya msichana? Matope! Anarusha matope kwenye mashuka meupe! Nilipiga kelele. "Binti wa dobi wewe! Umelelewa wapi?" Wakacheka mpaka Mchoraji akashika kamba, akaangusha mashati mawili.

Huyu Mama Mto ni wifi yangu mtupu. Anavyojiona anajua kila kitu, anavyoingilia mambo ya watu. Nimefurahi nimeshindwa kupiga pasi.

Jumapili, 6 Aprili

Jua hakuna. Nimemwambia nesi kwa siri kwamba adui wa gemu ni Mkaguzi. Nimemwambia na fundi viatu, naye kwa siri.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mtaa wote unajua. Sijui nani amesema.

Jumamosi, 26 Aprili

Siandiki jua. Sikuangalia.

Wifi alikuja saa nne, mwavuli haujakunjwa, maji yanachuruzika sakafuni.

"Niwekeeni hilo gemu," akasema. "Nimesikia kwa muuza mkaa kwamba nimetiwa ndani yake. Kwa muuza mkaa, wifi!"

Binti yangu alinitazama. Mimi nikajifanya natafuta vibanio.

Alikaa. Hajawahi kucheza gemu maishani mwake, lakini kumbe ukaguzi ni mali: alifunua kila shuka, hakuruka hata moja, akapata vitu ambavyo Mchoraji alidhani hakuna atakayevipata. Saa mbili nzima hakunyanyua macho. Mimi nilisimama nyuma na kikapu, nasubiri moto uwake.

Badala yake akaanza kucheka. Kwanza kidogo, halafu mabega, halafu akavua miwani.

"Shangazi, samahani," binti yangu akasema.

"Samahani ya nini? Huyu siye mimi. Mimi sijawahi kumsafisha mtu. Mimi humwonyesha mtu uchafu wake, nikamwachia." Akanigeukia. "Wifi, njoo umsikilize anavyosema. Lete hapa. Hebu lete hapa. Mimi ninakujua kuliko unavyojijua. Ni nani kwenye nyumba hii anasema lete hapa mara mia kwa siku?"

Nilikuwa nimeshika kikapu. Binti yangu akasema, "Shangazi, kikapu hicho kizito, msaidie mama," na wifi akanyoosha mkono, na mimi nikasema, "Hapana, nina mikono," nikakivuta kwangu.

Nilimtazama yule mwanamke kwenye skrini. Mikono mikubwa. Mchoraji aliichorea hata alama ya pasi iliyoniunguza mwaka juzi, hapa juu ya kifundo cha mkono. Wiki tatu nimewatangazia watu adui ni wifi, na mkono wenye kovu ninao mimi.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Nimepiga pasi. Watu wamekula, sikuongea na mtu. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia muulize mwanao.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua asubuhi, mawingu mchana. Binti yangu alinifuata mezani, akazima pasi yangu. Hakuna mtu aliyewahi kuzima pasi yangu.

"Mama, mimi sikuacha kazi," akasema. "Nilifukuzwa."

"Najua."

"Unajua, ila hujawahi kulitamka. Nilikosea, nikafuta kazi ya watu ya wiki mbili, wakanifukuza. Nilikuja nyumbani nilie. Kabla sijavua viatu ulikuwa umeshamwambia nesi nimeacha mwenyewe. Nikabaki na kilio changu mkononi, sina pa kukiweka. Kila nikianguka, unaniosha kabla sijaona nimeangukia nini."

Nilitaka kusema nilikuwa namkinga. Nilitaka kusema watu wana midomo. Nikasema, "Ndiyo ukaona unifanye adui wa nchi nzima?"

"Yule Bwana Giza hakuna aliyemwogopa, mama, kwa sababu hakumpenda mtu yeyote. Mtu anacheza, anampiga, anakwenda kula. Nilikuwa nataka adui ambaye ukifika mbele yake mkono unasita. Nikakaa siku tatu natafuta. Halafu wewe ukaniambia, anayetisha zaidi ni anayekupenda, ukikimbia unaangalia nyuma. Ulisema wewe. Na nilivyoanza kumwandika, alikuja na sauti yako, sikuweza kumzuia. Sikukuandika ili nikuumize. Watu wote wa ile nchi wanampenda, hujaona?"

Nikakunja upya shati lililokuwa tayari limekunjwa.

"Ukitaka nitamtoa," akasema. "Zimebaki siku kumi na saba. Nitamrudisha yule wa macho mekundu. Gemu halitakuwa na kitu, lakini sitaki ushinde hivi, huongei."

Nikaenda kuangalia kama pasi imezimwa. Ilikuwa imezimwa, alishaizima yeye. Nikamwambia asimtoe mtu kwanza. Nitacheza mwenyewe, mpaka mwisho, ndipo niseme.

Jumapili, 4 Mei

Jua saa mbili nzima, na nguo zote zimekauka, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Nimecheza siku mbili. Wifi alikuja kunielekeza, hakuitwa na mtu. "Kulia, wifi! Kulia kwako, siyo kwangu! Rusha tope! Unarusha kama unampa mtu maua!" Nilipotea kwenye mashuka yale mara nyingi, mimi ambaye nimeishi kwenye mashuka. Mama Mto alinipiga kwa povu mara kumi na moja. Nilipigwa na mimi mwenyewe, wifi anashangilia.

Lakini nilifunua lile shuka la mwisho. Ni yule kaka, bado mtoto mdogo, anavaa kiatu kimoja, anacheka, cha pili kimemshinda. Msichana aliposimama pale akakumbuka, nililia kama mtu aliyefiwa jana. Na sikutaka mtu anifute. Wifi aliniona, akakaa kimya, hakunipa hata kitambaa. Nilimshukuru moyoni. Miaka yote namwona mwanamke mkali. Kumbe anajua kumwacha mtu alie.

Halafu nikafika mwisho, msichana mbele ya mama yake, na Mama Mto akaanza kupiga kelele, hotuba ndefu, utajuta, utaona. Nikaweka kile kidude cha kuchezea chini.

"Hapa mmekosea," nikasema.

"Wapi, mama?"

"Huyu mwanamke hapigi kelele. Mtoto wake amepotea siku tatu, anarudi amejaa matope kichwani mpaka miguuni, na silaha mkononi. Kitu cha kwanza atakachosema ni, 'Umekula?'"

Binti yangu akachukua kalamu. Halafu Mchoraji, ambaye kwa miezi miwili nimemsikia akisema shikamoo na kwaheri tu, akasema, "Basi tumekwisha. Hapo hata mimi naweka silaha chini."

"Ndiyo adui huyo sasa," nikasema. "Msimwondoe. Mtengenezeni vizuri. Na sauti yake ataisema nani?"

Wote watatu walikuwa wananitazama.

"Haya," nikasema, "lete hapa." Wifi akacheka mpaka akaanguka kwenye kapu la mashati.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nitaandika vizuri, maana mteja atakuja kulalamika na nitahitaji ushahidi.

Sauti inarekodiwa chumba cha nyuma, kwa sababu nguo zilizoanikwa zinameza mwangwi. Mchoraji anasema studio za watu zimewekwa magodoro ukutani, sisi tunayo mashuka ya zahanati. Sawa. Lakini paa letu ni la mabati. Tumesubiri mvua ikatike tangu Jumatatu. Nikifungua mdomo, paa linaanza. Jana nilisema "Umekula?" mara ishirini na kila mara ilisikika kama nauliza ndani ya ngoma. Kesho wanatakiwa kulituma gemu.

Leo saa nane na dakika kumi mvua ikakatika, jua likatoka. Miguu yangu ikakimbia yenyewe kwenye beseni: miaka kumi na tisa, jua likitoka mimi naanika, sifikiri. Nilikuwa nimeshafika mlangoni na mashuka mabichi begani, binti yangu akanidaka.

"Mama! Jua la leo ni la gemu!"

"Zahanati wanayataka kesho!"

"Mama, nakuomba."

Nikayarudisha. Nasema ukweli, mikono iliniwasha. Wifi alisimama nje barabarani kuwanyamazisha wapita njia, tulimsikia mwenyewe akipiga kelele "Nyamazeni!" tukalazimika kuanza upya. Nilisema maneno yote. La mwisho nililisema mara moja tu. Sikuigiza. Nilimtazama binti yangu, amevaa masikio yale makubwa ya kusikilizia, macho mekundu kwa kazi, amekonda, na nikamuuliza. Akajibu kwa kichwa, hapana. Alisahau kwamba tunarekodi.

Dakika ishirini na tano, mvua ikarudi.

Jioni nesi akaja kuuliza mashuka. Nikamfungulia daftari.

"Kulikuwa na jua dakika ishirini na tano," akasema. "Ulilitumia kwa nini?"

"Kwa kuongea," nikamwambia. Nikampa mashuka yangu ya ndani, ya wageni, mpaka yake yakauke.

Jumamosi, 17 Mei

Ukumbi mkubwa, meza thelathini. Nilizunguka kuwatazama maadui wa wenzetu. Nilihesabu mafuvu manane, majoka sita, na macho mekundu nikaacha kuhesabu. Majoho yote yamenyooka. Nilitaka kuwauliza swali langu lakini binti yangu alinishika mkono.

Meza yetu mwanzo haikuwa na watu. Beseni na kiatu kwenye bango, nani atasimama? Lakini aliyekaa hakuondoka. Mmoja akawa wawili, ikawa foleni. Mimi nilikaa pembeni, nimeambiwa nisiseme neno.

Saa tisa akaja jaji, baba mnene mwenye ndevu, daftari kwapani. Alicheza haraka haraka kama mtu aliyecheza magemu mia. Kwenye mashuka akapunguza mwendo. Lile la mwisho alilifunua, akakaa tu. Halafu akafika kwa Mama Mto, akanyanyua tope, na sauti yangu ikatoka kwenye spika, ukumbi mzima:

"Umekula?"

Yule baba akasimamisha vidole. Akakiweka kidude mezani. Akajifuta ndevu.

"Siwezi," akasema. "Hapana. Huyu siwezi kumpiga."

Foleni ikaanza kunung'unika. Binti yangu amepauka: jaji asipomaliza, hataona mwisho, na mwisho ndio mzuri kuliko wote. Nikavumilia nikahesabu mpaka tano.

"Mpige, baba!" nikasema, nimeshasimama. "Mpige tu! Usipompiga, binti yake hatalia, na asipolia kaka yake harudi! Amekosea huyu mama, alikuwa hajui. Mpige, hatakufa, atashukuru!"

Jaji akageuka pole pole. Akanitazama mdomo, akatazama spika. Akatazama mkono wangu wenye kovu, akatazama skrini.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Mpige."

Akampiga. Tope moja, katikati ya aproni nyeupe. Mama Mto akaitazama aproni yake, akaacha kusugua, kwa mara ya kwanza, akakaa chini mtoni karibu na mwanawe, na maji yakaanza kurudisha vitu vya watu. Kwenye foleni wakapiga makofi. Binti yangu alikuwa analia mbele za watu wote, kamasi na kila kitu. Mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta leso. Nikauacha humo humo. Nikakaa karibu naye, akalia mpaka akamaliza.

Jioni wakasoma majina. La kwanza si letu. La pili si letu. La tatu ni letu. Baba yake alirusha kofia juu, sijui iliangukia kwa nani. Bohari itamsubiri mtu mwingine.

Jumapili, 18 Mei

Jua tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Mvua zimekwisha. Nimeanika kila kitu cha nyumba hii, hata mapazia.

Nesi amekuja kuchukua mashuka. "Hongera mama," akasema. "Nasikia mmekuwa wa kwanza."

"Wa tatu," nikamwambia. "Wa tatu kati ya thelathini. Nani kakwambia wa kwanza?"

"Wifi yako. Anamwambia kila mtu kule sokoni."

Nikaacha pasi, nikavaa viatu, nikaenda kumsahihisha. Njiani nilikutana na watu tisa, na kila mmoja nilimsimamisha nikamwambia: wa tatu.